Ufunguo Shingoni

Ufunguo wa kabati nauvaa shingoni
kwa kamba ya kiatu.
Kanisani, waliokaa mbali hudhani ni msalaba,
na siku nyingine nami hudhani vivyo hivyo.

Lugalia alizaliwa laini kama kitambaa kilichorowa.
Hakulia. Hakunyonya.
Nilijikamua kikombeni, nikamtilia kwa bomba la sindano,
mililita tano, subiri,
mililita tano,
jogoo wa kwanza akiwika bado tunasubiri.
Ombi langu usiku kucha lilikuwa neno moja:
Ale. Mungu wa mamangu, huyu mtoto ale tu.

Mungu akasikia. Alisikia kupita kiasi.

Siku alipomaliza sahani yake ya kwanza,
miaka mitatu na ushei,
nilichinja kuku, nikaita majirani.
Mama Jendeka alipiga vigelegele
mpaka wapita njia wakauliza ni harusi ya nani.
Akala paja, akala shingo, akaramba sufuria.
Tulicheka sana siku ile.

Kisha akala unga mkavu.
Akala viazi vya mbegu, makombo ya mbwa,
maparachichi yaliyooza chini ya ua wa jirani,
mpaka tumbo likawa ngoma, na bado akauliza:
Mama, tunakula saa ngapi?

Daktari wa Kisumu alimtoa damu, ikapelekwa ng'ambo,
majibu yakarudi tumeshavuna na kupanda tena.
Alichora kijiti kwenye karatasi, akafuta sehemu kwa kidole.
Kromosomu ya kumi na tano, akasema. Kipande hiki hakipo.
Hakuna aliyekosa.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.
Mwanangu ni wote wawili.
Wanalala shuka moja, hawajawahi kusalimiana.

Hapa Maragoli mlango hufungwa, chakula hakifungwi;
mgeni akibisha, hata ugali wa jana humegwa.
Basi fikiria ninavyosemwa pale kwenye kinu:
yule anayemfungia mtoto chakula.
Shemeji yangu alikuja na mkungu mzima wa ndizi,
akamlisha uani nikiwa nimegeuka,
akipaza sauti nisikie:
Kula, mwana wa ndugu yangu, kwenu kuna ukame.
Sikumjibu. Usiku nilimshikia Lugalia beseni,
na kati ya tapiko na tapiko
aliomba ndizi.

Baba yao ni seremala.
Nusu ya walimu wa Mbale wana makabati yake,
yenye vioo, vikombe vionekane.
Letu peke yake halina kioo.
Alilipigilia usiku, mwenyewe, bila redio.

Na Mideva, dadake, miaka kumi na mmoja,
hula andazi lake nyuma ya darasa,
kisha husukutua, hunawa mara mbili,
asije akafika nyumbani akinukia mafuta.
Sikumfundisha.
Nilikuta tu sukari kwenye pindo la sketi yake,
nikaikung'uta. Akaniona. Hatujalizungumza.

Juzi usiku nilishtuka, vidole viko shingoni pangu.
Vilikuwa vimeshika ufunguo
lakini havikuvuta.
Lugalia alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kamasi tele, akinong'ona:
Mama, amka uufiche kwingine.
Mkono wangu umepajua hapa.

Nikaivua kamba. Nikampa babake gizani,
akatoka nayo nje, sikuuliza wapi.
Kisha nikamvuta mtoto ndani ya blanketi,
mzito, moto, ananuka usingizi kama mtoto yeyote.

Saa ngapi sasa, Mama?
Saa kumi.
Na uji?
Saa kumi na mbili.

Akaanza kuhesabu. Alipofika arobaini alipotea,
nikampokea palepale,
arobaini na moja,
arobaini na mbili.