Mgeni wa Tuta la Kumi na Mbili

Ukitokea barabara ya Båstad, shamba letu laonekana limevishwa,
shuka nyeupe toka ukingo hadi ukingo,
na watalii wa Pasaka husimamisha magari wapige picha.
Hawaijui harufu iliyomo.
Mimi naijua. Mwezi wa nne, ukiinua pindo,
joto hukupanda usoni kama mvuke wa sufuria,
udongo umelowa, umeumuka,
na viazi vya mapema, wiki ya tano ardhini,
vimetoa masikio mawili mawili yaliyokunjamana.

Na havipo peke yavyo.

Tulifunika kombe mwanaharamu apite.
Hakupita. Aliingia ndani, akajifunika nasi:
thabai changa, mchicha mwitu wenye unga chini ya jani,
na kile kijani laini chenye maua kama chembe za chumvi.
Joto halikuuliza limetandikiwa nani.

"Dawa hupigwa kabla kiazi hakijachomoza,"
alisema Ingegerd, mavyaa wangu, bila kunitazama,
maana siku ya dawa mimi na Torkel tulikuwa Malmö
tukichagua kabati la jikoni.
Sasa dawa ingemuunguza mwenye nyumba pamoja na mpangaji.
Limebaki jembe.

Tukangoja siku ya mawingu, isiyo na upepo,
kwani shuka kubwa vile upepo ukiitia mkononi
utaikuta kwa jirani, imemkumbatia ng'ombe.
Tukaondoa mifuko ya mchanga, mmoja mmoja.
Miche ikatetemeka kama mtoto aliyevuliwa fulana.
"Usichimbe. Kwangua," Ingegerd alisema.
"Ukichimba unawaamsha waliolala."

Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Tuliwapa, la shingo.

Saa nane, tuta la tano.
Saa kumi, la tisa. Vidole vyangu vimevimba kwa thabai;
glavu niliziacha kwenye trekta kwa kiburi tu.
Saa kumi na moja na nusu redio ikasema
usiku mawingu yatafunguka, nyuzi tatu chini ya sifuri.
Tulikuwa la kumi na moja.
Matuta yalikuwa ishirini.
Torkel aliitazama mbingu kama mdaiwa anavyoutazama mlango.
Tukafunika: kumi na moja safi,
tisa na magugu yake.

Usiku ule hakuna aliyelala. Ingegerd alikoroga kahawa isiyo na sukari,
akakoroga, akakoroga.

Asubuhi shuka ilialika viganjani kama karatasi ya peremende.
Pale tulipopalilia, kitambaa kilikuwa kimelalia majani,
na kilipogusa palikuwa peusi,
ncha kwa ncha, kama utambi uliozimwa sasa hivi.

Tuta la kumi na mbili:
mchicha mwitu wima, urefu wa kidole cha kati,
umebeba shuka mabegani
kama vijana waishikao hema kabla nguzo hazijaletwa.
Chini yake kiazi hakina habari kwamba palikuwa na usiku.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilisema.
Ingegerd hakucheka. Alichuchumaa,
akalipapasa jani zima, upande wa juu, upande wa chini,
kisha akaushika mchicha shinani,
akaung'oa, akaukung'uta, akautia mfukoni mwa aproni.
"Ametufaa usiku mmoja," alisema.
"Hatukumwandikia hati ya shamba."

Tukashika majembe.

Jioni tuliula, kwa siagi na mayai,
na ulikuwa mtamu, na mikono yangu bado inawasha.
Sikumwambia mtu
kwamba pembeni mwa tuta la kumi na mbili, karibu na lile jiwe,
niliuruka mmoja.