Machenza ya Kilomita ya Nne

Bango limeandikwa kwa lugha tatu, na hakuna hata moja inayobembeleza:
USISIMAME.
Si kufunga minyororo magurudumuni, si kukojoa,
si kumpiga picha mchumba wako na mlima nyuma yake.
Mlima una usingizi mwepesi,
na theluji yote ile begani.

Eteri hushika bendera pale kizuizi kinapoinuka.
Huu ni msimu wake wa kumi na moja, na glavu ni za mumewe,
alizozisahau nyumbani
siku aliyosimama dakika moja kumsaidia mtu.
Ana neno moja kwa kila dirisha linaloshushwa:
"Pita. Pita. Chai utainywa Kobi."

Jumanne, lori la Nugzari lilikata kamba kwenye kona,
kreti sita za machenza ya Kobuleti
zikapasuka juu ya weupe.
Nugzari aliona yote kiooni. Hakukanyaga breki.
Ana deni la lori, ana binti chuoni,
akalia hadi Kobi, mguu kwenye mafuta.

Mchana kutwa magari yakapita kando ya rangi ile.
Basi la shule lilipita na pua kumi na saba zimebanwa kwenye vioo.
Dereva mmoja kutoka Yerevani akapunguza mwendo,
akafungua mlango kidogo, mkono nje,
kama mtu anayepima joto la maji.
Eteri alipuliza filimbi hadi midomo ikamuuma.
Mlango ukafungwa.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga.
Hawakupita hapa mwezi wa pili.

Jioni akabaki na barabara tupu, na njaa
(tangu asubuhi mkate na jibini, basi),
na chenza moja lililobingirika hadi kwenye buti lake,
hatua mbili upande wa halali.
Alilimenya taratibu. Harufu ikajaa kwenye glavu.
Kipande cha kwanza kilimchoma jino bovu kwa baridi.

Alikuwa kwenye cha tano
mlima ulipogeukia ubavu wa pili.
Sauti ndogo tu, ya mtu anayevuta shuka,
kisha kilomita ya nne ikawa nyeupe yote,
bango halipo,
kona haipo.

Akamaliza kutafuna. Akainua simu ya upepo.
"Fungeni barabara," alisema.
"Hapana. Hakuna.
Hakuna aliyesimama."