Ramani Kwenye Mfuko wa Unga

Kwetu Shinyanga ardhi imelala chali,
mlima ni tuta la barabarani,
na baiskeli ukiikanyaga mara mbili
hujiendea yenyewe hadi nyumbani.

Basi nilipofika Kampala kwa siku tisa
nikaazima ya Ssemwogerere: nyeusi, gia tatu, moja mfu.
Nikaiuliza simu, Ggaba ni wapi?
Ikachora mstari wa buluu,
mfupi kama jibu la askari.

Mstari haukusema kwamba Makindye ina mgongo.
Nilipanda kwa kushuka, maana nilishuka,
nikaikokota baiskeli kama mbuzi
anayejua kesho ni sikukuu.
Watoto wa shule wakanipita kwa miguu:
"Gyebale ko, nnyabo!"
Sikujua kama ni pole au ni kicheko.
Kule juu, ukuta, geti,
na nyuma ya geti mbwa
aliyenisemesha kuliko watu wote wa siku ile.
Usiku nikahesabu: kilomita kumi na moja,
na sikumbuki hata moja.

Birungi hupeleka mikate kwa baiskeli,
kreti tatu nyuma, alfajiri, Ndeeba mpaka Kansanga.
Aliitazama simu yangu
kama mtu anavyomtazama samaki wa juzi.
"Unataka kufika," akauliza, "au unataka kwenda?"
Nikasema vyote.
Akacheka, akachana mfuko wa unga,
akachomoa kalamu kwenye nywele.

Hakuchora barabara. Alichora mabonde.
"Mji huu ni mayai kwenye trei," alisema.
"Mgeni hupanda yai.
Mwenye mzigo hupita katikati."
Halafu akaandika, kwa herufi za mtu mwenye haraka:
*hapa kivuli*
*hapa mbwa, kanyaga*
*hapa mama wa gonja, mwambie nimekutuma*
*Kibuye usiingie ukiwa na hasira*
na pembeni, amepigia mistari miwili:
*Jumapili. Kabla ya saa mbili.*

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu,
barabara ya Kabaka ilikuwa yangu na ya mfagiaji mmoja.
Miti pande zote mbili, imenyooka,
na mimi katikati, mtu wa tambarare,
nikajihisi nyumbani kwa dakika nne.
Kando ya ziwa la Mengo kaloli walisimama,
mikono nyuma, shingo wazi,
kama mawakili walioshindwa kesi
lakini ada wamelipwa.

Kisha Nsambya, na mteremko.
Niliachia breki. Nasema ukweli,
nina miaka hamsini na moja, ni mhasibu,
na nilipiga kelele.
Kabalagala Jumamosi ilikuwa haijaisha:
viti juu ya meza, spika moja imesahau kulala,
kijana anatafuta kiatu cha kushoto.
Mama wa gonja aliposikia "Birungi"
aliongeza kipande, akakataa hela yake.
Bonde, bonde, kona, harufu ya chapati,
harufu ya mvua ya jana kwenye mfereji,
na ghafla mukene wameanikwa, fedha tupu,
na ziwa nyuma yao halina haraka.

Ndipo gurudumu la nyuma likasema *pyuuu*.

Mfuko wa unga haukuwa na njia ya kurudi.
Fundi wa pancha alikuwa kanisani.
Akaja Wasswa na pikipiki yake,
akaitazama baiskeli, akavua kofia.
"Bodaboda za kwanza zilikuwa hizi," alisema,
"zikivusha watu mpakani Busia.
Huyu ni bibi yake pikipiki yangu.
Bibi halipi. Wewe, elfu kumi na mbili."

Nikapanda, bibi mapajani kwangu,
tairi bovu likizunguka polepole kwa upepo.
"Tupite wapi?" akauliza. "Kuna njia fupi."

Nikatoa mfuko wa unga,
nikaukung'uta,
nikaugeuza juu chini.