Dakika ya Tisa

Tulikuwa watatu, na feni moja,
Ngamiani, Barabara ya Saba,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli.
Tulitundika shuka jeupe, tukaziba madirisha kwa maboksi,
tukagawana fomu, kalamu na sambusa.
Filamu kumi na nne, siku mbili.
"Wanyama wote watapita humu kama safina," alisema Profesa Semhando,
"ila sisi ndio gharika."
Akacheka peke yake.

Gervas Lyakurwa, mpiga picha, alishuka na basi la alfajiri,
tiketi ya kurudi mfukoni: waja leo, warudi leo.
Alihesabu mikato kwa vidole, kama avutaye uradi.
Wa tatu ni mimi, Mwantumu Kihiyo.
Kwenye fomu, penye "taaluma", niliandika:
mtunza vipepeo, mstaafu.

Simba tuliwapa saba. Wamezoea kutazamwa.
Mjusi kafiri alipita juu ya simba dume,
akala mbu kwenye sharubu zake, hatukumpa kitu.
Nyumbu wakavuka mto wao ule ule;
Gervas akatoka kuvuta sigara, akarudi,
bado wanavuka.

Ikaja ya saba.
Kinyonga wa Usambara, mwenye pembe mbili,
juu ya tawi lenye umande,
jicho moja kwetu, jingine kwa panzi.
Ulimi ukatoka pole pole, pole pole mno,
hata tukauona ukilowa mwanga.
Profesa akanong'ona, "Mungu fundi."
Gervas akaandika kumi
kabla majina hayajapita.

Nikasema: rudisha.
Dakika ya tisa. Rudisha tena. Simamisha hapo.
Mguu wa nyuma, wa kushoto, juu kidogo ya kifundo:
uzi.

Si utando wa buibui. Utando hung'aa, haukazi.
Huu wa katani, umechambuliwa ukawa kama unywele,
na mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge;
nimezilalia singa hizo, nimezikohoa,
mama alinisukia nazo mwanasesere.
Siwezi kuukosea uzi wa nyumbani.

"Sinema ni kukifunga kitu mahali," alisema Gervas.
"Hata mtu tunamfunga, kwa taa."
Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa;
kinyonga bado kafungwa.
Nami nikawaza: asingefungwa angekwenda wapi, siku ile?
Labda hatua tatu. Labda asingemtaka yule panzi.

Sikuwaambia wenzangu
kwamba miaka kumi na tisa nilipanga vifukofuko juu ya pamba,
hai, mia kwa boksi, vipande ndege
vikafumbue mbawa nyuma ya vioo, kwenye baridi nisiyoijua.
Wanangu watatu wamesoma kwa mbawa hizo.
Mimi sikufunga uzi. Nilifunga boksi.

Ya kumi na moja ilipigwa kwa simu.
Kijana wa Muheza, siku arobaini chini ya mti,
anamngoja hondohondo jike
aliyejiziba kwa udongo ndani ya tundu na mayai yake.
Dume anakuja, anapenyeza tunda kwenye ufa, anaondoka.
Picha inatikisika. Mvua. Kijana anakohoa.
Dume anakuja.
Chaji inaisha, tundu bado limezibwa.
Hakuna muziki.

"Hii si filamu," alisema Gervas, "hii foleni."
Profesa alikuwa amelala, au anasali.
Nikaipa tisa. Ile moja nikaibakiza, sijui ya nani.
Kwenye fomu ya saba nikaandika *uzi*,
nikafuta, nikaandika tena,
karatasi ikatoboka.

Jumla zilipigwa. Kinyonga, kwa nusu alama.
Tukatia sahihi wote watatu. Nami nilitia.

Chini, fundi alikuwa anakaza spoki,
gurudumu limepinduliwa, linazunguka bure.
"Nani kashinda, mama?"
"Kinyonga."
Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja.
"Na yeye amepewa nini?"