Mabaki

Zulia halizuliwi, hupimwa.
Ndivyo nilivyomjibu Bi Ollerenshaw kule Halifax
aliponikuta nimepiga magoti sebuleni mwake
chai haijachemka.

Nne nukta mbili kwa tatu na nusu.
Urefu mara upana, hapo hata mtoto anapita.
Lakini nyumba za mawe za huku zina tumbo:
dirisha limejitokeza barabarani
kama mtu anayemchungulia tarishi,
nalo ni trapeza.
Mbili nukta nne, ongeza moja nukta sita,
gawa kwa mbili, zidisha kwa kina, sentimita sabini.
Mita moja na nukta nne za jua,
siku za jua.

Kisha unatoa.
Mbele ya meko pana jiwe, nusu duara.
"Hapo usifunike," akasema. "Alf aliota moto hapo."
Sikuuliza Alf ni nani.
Nusukipenyo sitini, kizidishe chenyewe,
mara pai, nusu yake:
zaidi kidogo ya nusu mita ya mraba.
Nikaandika kwa penseli ukutani, *toa Alf*,
mahali ambapo zulia litapaficha.

Chini ya ngazi, pembetatu.
Kitako mara kimo, gawa kwa mbili.

Usiku binti yangu Tatu, daftari mapajani,
akaniuliza kuhusu hiyo hiyo:
"Baba, nusu ya pili inakwenda wapi?"

Inakuja kwetu, mwanangu.
Kiwanda kinauza mstatili,
watu wanaishi kwenye pembe.
Kinachokatwa nakikunja, nakitia kwapani,
dereva wa basi ameshazoea.

Tazama unapokanyaga:
kijani cha Bi Ollerenshaw,
kijivu cha daktari wa meno,
wekundu wa ukumbi wa bingo uliofungwa,
na hiyo yenye maua, mwenyewe alihama bila kunilipa.

Tatu akashuka kitandani na rula.
Kitako, kimo, nusu. Kitako, kimo, nusu.
Vipande thelathini na kimoja,
pembetatu tupu, ndefu, fupi, moja imechongoka kama msumari.
Jumla: kumi na moja nukta tisa.
Chumba ni kumi na mbili.
Akarudia hesabu. Akarudia tena.

Haikosei.
Ni pale mlangoni, ubao mtupu,
panaenea jozi moja ya viatu.
Ndipo ninapovua vyangu.