Mkia wa Herufi Mbili

Grimsby, Jumanne usiku, darasa juu ya duka la mazulia.
Bwana Hebblethwaite amepiga mstari ubaoni:
huku kivumishi, kinacholivika jina koti;
kule kielezi, kinachoandamana na kitendo.
"Mkiona shaka, ongezeni mkia: l na y."

Nijolė ameongeza.

Miaka kumi na tisa mumewe alipasua samaki
katika baridi ya kiwanda, vidole vikaota sugu,
na leo anamtungia maneno ya jiwe la kaburi:
*Gintaras worked hardly.*

Kalamu nyekundu inasita hewani.
Mwalimu anajua mkia umefanya nini:
umemgeuza mchapakazi kuwa mtu
aliyeigusa kazi kwa ncha ya kidole.

"Hili," asema polepole, "halitaki mkia.
Li uchi hivyo hivyo, na bado ni kielezi."

Nijolė anafuta, anapuliza vumbi la raba.
"Kama yeye basi. Hakuwa na nyongeza."

Mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti, anageuka:
"Na 'mpendwa'? Niliweke wapi?"

"Mbele ya jina. Kiingereza
hutanguliza sifa,
mtu akafuata."