Komwe

Mvua ya masika Wete haibishi hodi.
Inayashukia mabati ya darasa letu
kama limepasuka gunia la karafuu kavu juu ya paa,
na Shaame, ambaye hata kikombe kikigonga sahani
huziba masikio,
yumo tena chini ya meza yangu
anajiuma kifundo cha mkono.

Wale wa darasa la pili wamejaa dirishani.
"Kapandisha," anasema mmoja.
Hajapandisha. Hana shetani. Nimewaambia wao,
nimemwambia na bibi yake, aliyemnywesha kombe
mpaka mtoto akaichukia rangi ya zafarani.
Simlaumu bibi. Naye alikuwa akitafuta pa kuanzia.
Shaame ana masikio yasiyo na mlango, basi.

Mie nilikuwa nikipaza sauti.
"Nyamaza!" Nikaongeza mvua juu ya mvua.
Mwaka mzima nimefanya hivyo, wala sifichi.

Sasa nakaa chini, kwenye saruji.
Simgusi, simtazami.
Natoa komwe mfukoni, nasugua sakafuni:
kwachu, kwachu, kwachu.
Mchezo huu mnaujua. Sote tulichomana nao udogoni,
komwe ya moto nyuma ya shingo ya mwenzio,
kisha mbio.
Faki anaujua, keshaanza kucheka.
Mkasi kajifunika shingo kwa mtandio.

Lakini humu ndani sheria ni nyengine:
ukishaipasha, humchomi mtu.
Unaifumba kiganjani,
unausikiliza moto wake,
unaungoja uondoke wenyewe.
Kupuliza ruhusa. Kuitupa, hapana.
Ikipoa useme imepoa,
na huo ndio ushindi, hakuna zawadi nyengine.

Kwachu, kwachu.
Mkono unatoka chini ya meza,
mkono wenye alama za meno.
Nausogezea komwe ya pili.
Anaisugua kwa hasira zote za mabati,
anasugua mpaka naionea huruma komwe,
kisha anafumba.
Fuu. Fuu.
"Bado," anasema.
Mvua haijapungua hata tone.
Faki anataka kucheka, Mkasi kamziba mdomo.
Fuu.
"Bado."

Juzi alikuja mkaguzi kutoka Chake,
akafungua andalio langu la somo.
Palipo na neno Lengo nimeandika: kupoa.
Akauliza, hili somo gani?
Nikamjibu, Sayansi,
maana jua lilikuwa kali na sikuwa na nguvu ya kumweleza
kwamba tunampa mtoto moto mdogo, wa kushikika,
ili ule mkubwa ukija
asiuone mgeni.

Wala si kila siku. Jumatano haikufaa kitu.
Jumatano komwe ilinipata hapa, chini ya jicho,
na mume wangu akauliza nimegombana na nani.
Na mvua, nikamwambia.

Leo nimeinamisha kichwa, nahesabu pumzi zangu mwenyewe,
kwa sababu na mie nina zangu,
nasikia magoti yanakwaruza saruji.
Ametoka. Anazunguka nyuma yangu.
Ananibandika komwe shingoni.

Nakaza mabega, mazoea ya utoto.

Vuguvugu.

Juu yetu mabati bado yanatukana.